Allidina ilikuwa kituo cha majasusi wa vita. Mbona hatufunzwi?

Hebu fanya jaribio dogo. Muulize kijana yeyote wa Mombasa akutajie jengo lenye historia. Atakujibu Fort Jesus kabla hujamaliza swali. Muongezee la pili: ni shule gani ya Mombasa iliyowahi kuwa kituo cha siri cha jeshi la wanamaji, ambapo watu walikesha wakisikiliza redio za adui kutoka upande wa pili wa Bahari Hindi? Hapo utaona macho tu.

Jibu ni Allidina Visram. Ndiyo, shule hiyo hiyo unayoijua kwa mitihani na michezo. Kuanzia 1942 hadi 1943 haikuwa na kengele ya mapumziko wala foleni ya asubuhi. Ilikuwa imejaa maafisa wa Uingereza, vifaa vya redio na marundo ya karatasi zenye tarakimu. Kazi iliyofanywa mle ndani iliisaidia Uingereza na washirika wake kujua meli za Japani zilikuwa wapi baharini.

Sisi tunaona ni aibu kwamba kijana anaweza kusoma Mombasa miaka minne, afanye somo la Historia, apate A, na atoke bila kusikia neno moja kuhusu jambo hili. Na aibu hiyo si ya kijana.

Tuanze na jina lenyewe, maana wengi hulitaja bila kujua ni la nani. Allidina Visram alikuwa mfanyabiashara kutoka Kutch, India, aliyefika Pwani ya Afrika Mashariki katika karne ya 19 akiwa bado kijana mdogo. Alianzia kazi Bagamoyo, kisha akafungua maduka kufuata njia za misafara na baadaye reli, hadi Uganda. Alifariki 1916. Mwanawe ndiye aliyejenga shule hii kwa kumbukumbu ya babake, mwanzoni mwa miaka ya 1920. Enzi hizo serikali ya kikoloni iligawa shule kwa rangi ya ngozi: za Wazungu, za Wahindi, za Waarabu na za Waafrika. Allidina ilikuwa ya Wahindi. Jengo likawekwa mahali pazuri, likitazama bahari.

Hicho cha kutazama bahari ndicho kilichokuja kuliponza.

Vita vya Pili vya Dunia vilipopamba moto, Uingereza ilikuwa na kikosi maalum cha kunasa na kufumbua mawasiliano ya siri ya Japani huko Mashariki ya Mbali. Kikosi hicho kilianza Hong Kong. Mambo yalipoanza kuharibika, 1939 kikahamia Singapore. Mwanzoni mwa 1942, huku Wajapani wakiikaribia Singapore, kikafunganya tena na kukimbilia Colombo, kisiwani Ceylon, nchi tunayoiita leo Sri Lanka. Singapore yenyewe ilianguka tarehe 15 Februari 1942.

Hata Colombo hapakukalika. Aprili 5, 1942, siku ya Pasaka, ndege za Japani zilizotoka kwenye manowari za kubeba ndege chini ya Admeri Nagumo ziliushambulia mji huo. Siku hiyo hiyo Waingereza walipoteza manowari mbili, Cornwall na Dorsetshire. Siku nne baadaye wakapoteza Hermes, manowari ya kubeba ndege. Kikosi chao cha wanamaji wa Mashariki, chini ya Admeri Somerville, kikaona heri kusogea mbali. Mbali penyewe palikuwa kwetu: Kilindini.

Jina Kilindini halikutokea hewani. Linatokana na kilindi, maji marefu. Wazee wa Mombasa walilijua hilo karne nyingi kabla ya ramani za jeshi lolote, na kuna Wakilindini, mojawapo ya Taifa Tatu, waliobeba jina hilo hadi leo. Maji hayo marefu ndiyo yaliyowavutia wenye manowari. Bandari ikajaa meli za kivita. Wale wasikilizaji wa siri wakafuata, na jeshi likaitwaa shule ya Allidina, umbali wa kama maili moja kutoka mjini wakati huo. Wanamaji wakaipa jina la kijeshi, HMS Alidina, kana kwamba shule ni meli.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, maana hapa ndipo mambo yanapokuwa matamu.

Wajapani walikuwa na misimbo mingi. Mkubwa wa wanamaji wao uliitwa JN-25 na wapinzani wao. Ulitumia kitabu cha tarakimu tano tano badala ya maneno, kisha juu ya tarakimu hizo wakajumlisha nyingine ili kuvuruga zaidi. Ulikuwa mgumu kama jiwe. Kulikuwa na mwingine, JN-40, uliotumiwa na meli za mizigo. Wafumbuzi walidhani JN-40 nao ni wa aina hiyo hiyo, na kwa sababu ya dhana hiyo wakawa wanagonga ukuta.

Septemba 1942, mtu wa upande wa Japani akafanya kosa. Kosa hilo likawapa kidokezo mabwana wawili waliokuwa pale Kilindini, John MacInnes na Brian Townend. Wakagundua kwamba JN-40 haukuwa wa kujumlisha tarakimu hata kidogo. Ulikuwa wa kubadilisha maandishi kuwa tarakimu mbili mbili, halafu kuzipanga kwenye jedwali na kuzisoma kwa mpangilio mwingine.

Wazo la kupangua kwenye jedwali si gumu. Chukua maneno NJOO KESHO. Yapange kwa mistari mitatu ya herufi tatu: NJO, halafu OKE, halafu SHO. Sasa badala ya kusoma kushoto kwenda kulia, soma safu kutoka juu kwenda chini, ukianza na safu ya pili, kisha ya tatu, kisha ya kwanza. Unapata JKHOEONOS. Rafiki yako anayejua mpangilio atasoma. Asiyejua ataona takataka. Wajapani walifanya hivyo kwa namna ngumu zaidi, lakini mzizi ni huo.

Kufikia Novemba 1942, wafumbuzi wa Kilindini walikuwa wanaweza kusoma jumbe zote za zamani walizokuwa wameziweka, na kila mpya iliyoingia wakaifungua papo hapo. Ndani ya muda mfupi wakafumbua misimbo mingine miwili, JN-167 na JN-152. Meli za mizigo, hata zile zilizobeba wanajeshi, zikawa hazina pa kujificha. Anayejua meli inapita wapi na saa ngapi hahitaji bahati kuizamisha.

Fikiria: ushindi huo wa akili ulipatikana Mombasa, kwenye shule.

Na tusiupake sukari. Kituo chenyewe hakikuwa mahali bora pa kusikiliza. Mombasa iko mbali mno na Pasifiki, na mawimbi ya redio yalifika yakiwa hafifu. Walinasa zile redio zenye nguvu tu, nyingine zikawapita. Mawasiliano na wenzao wa Marekani na Australia nayo yalikuwa ya shida. Kuna jumbe zilizochukua hadi wiki mbili kufika. Ndiyo maana 1943, hatari ya Wajapani ilipopungua, walifunganya wakarudi Colombo. Shule ikarudi kuwa shule. Baada ya uhuru ikafungua milango kwa watoto wa kila rangi, na hivyo ndivyo ilivyo leo: shule ya umma.

Basi mbona hatukujua? Sababu ya kwanza ni kiapo. Wote waliofanya kazi za aina hii, wanaume na wale wanawake wa kikosi cha wanamaji waliokuwa nao, waliapa kufunga midomo. Uingereza yenyewe haikuanza kuzungumza waziwazi kuhusu vituo vyake vya kufumbua misimbo hadi miaka ya 1970. Kama mkazi wa London hakuambiwa, mkazi wa Majengo au Kibokoni angeambiwa na nani?

Sababu hiyo ilitosha wakati huo. Leo haitoshi. Siri imefichuka zamani, vitabu vimeandikwa ng'ambo, watu wanaijua Kilindini kutoka mbali. Sisi tulio hapa, tunaopita na matatu kila siku, ndio tumebaki nyuma. Penye miti hapana wajenzi.

Tunajua wapo watakaosema: "Hiyo ni historia ya wakoloni. Walikuja, wakachukua shule, wakapigana vita vyao, wakaenda zao. Sisi inatuhusu nini?"

Hoja hiyo ina uzito, na hatutaikwepa. Ni kweli kwamba Uingereza ilipigana vita ikisema inatetea uhuru, huku hapa ikiwanyima wenyeji uhuru huo huo. Makuli wa bandari ya Mombasa waligoma 1939 kabla ya vita kuanza, kwa sababu ya mishahara duni. Vita vikaleta meli nyingi zaidi, kazi nyingi zaidi na bei za vitu zikapanda. Januari 1947 mji mzima ukasimama kwa mgomo mkuu, na jina la Chege Kibachia, kiongozi wa wafanyakazi, likavuma. Watu hao ndio waliobeba mgongoni uzito wa bandari ambayo majasusi wa Allidina walikuwa wanailinda kwa kalamu.

Lakini hiyo ndiyo sababu ya kuisimulia. Ukiacha historia ya vita isimuliwe na Waingereza peke yao, itakuwa hadithi ya mabwana werevu kwenye chumba chenye upepo wa bahari. Tukiisimulia sisi, itakuwa pia hadithi ya kuli, ya mwanafunzi wa Kihindi aliyelazimika kupisha jeshi, na ya askari wa Kiafrika.

Kuhusu askari, sikiliza hili. Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail iling'oa nanga Kilindini kuelekea Colombo. Ndani yake kulikuwa na watu zaidi ya 1,500. Wengi wao, karibu 1,000, walikuwa wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, vijana waliotolewa kwetu na kwa majirani zetu. Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Japani, I-27, iliipiga meli hiyo. Ilizama kwa dakika chache tu. Walikufa watu 1,297. Baadhi walikuwa bado wanaogelea wakati manowari ya Uingereza ilipoamua kudondosha mabomu ya chini ya maji katikati yao, ili kuiwinda ile nyambizi iliyojificha hapo chini.

Majina ya wale wa Afrika Mashariki waliopotea na meli hiyo yameandikwa kwenye mnara wa kumbukumbu ulio ndani ya makaburi ya vita, Barabara ya Ngong, Nairobi. Ni vijana wangapi wa Nairobi wamepita pale wakienda Karen au Dagoretti bila kujua? Wengi wao walikuwa wa umri wetu. Walipanda meli pale Kilindini wakidhani wanakwenda kuona dunia.

Kwa hivyo anayesema "vita vyao" aende akasome ukuta ule kwanza, kisha tuzungumze.

Hoja ya pili tunayoitarajia ni ya pesa. "Shule hazina maabara za kutosha, nyinyi mnazungumza kuhusu kumbukumbu?" Nayo ni hoja ya haki. Hatuombi mnara wa mamilioni. Wala hatutaki shule ifungwe igeuzwe makavazi, watalii wapite madarasani na kamera zao. Tungepinga hilo kwa nguvu zote. Tunaona kwamba matumizi bora ya jengo lile baada ya vita ni haya haya yaliyopo: watoto kusoma. Kambi ikigeuka darasa, umma umepata faida. Ikigeuka hoteli ya watu wachache au ploti ya mtu binafsi, umma umepokonywa mara mbili.

Mombasa ina mfano mzuri wa jengo lililobadilishwa kazi. Wareno walianza kujenga Fort Jesus 1593 kwa ajili ya mizinga. Serikali ya kikoloni ikaifanya jela kuanzia 1895 hadi 1958. 1960 ikawa makavazi, na 2011 UNESCO ikaiweka kwenye orodha ya turathi za dunia. Jengo ni lile lile, kuta ni zile zile. Kilichobadilika ni kwamba watu waliamua kusimulia yaliyotokea ndani yake, pamoja na machungu yake. Leo mtoto wa shule huingia pale na daftari.

Hata huko Uingereza hawakuwa na busara tangu mwanzo. Bletchley Park, makao makuu ya wafumbuzi wa misimbo, nusura ibomolewe mwanzoni mwa miaka ya 1990 ili ardhi yake ijengwe vitu vingine. Ni wananchi waliokataa, wakaunda wakfu 1992 na kuikoa. Leo watu hulipa kiingilio kuiona. Allidina ni ndugu mdogo wa Bletchley, tofauti ni kwamba ndugu huyu hana hata kibandiko mlangoni cha kumtambulisha kwa vijana wa mji wake.

Basi tunataka nini hasa? Mambo manne, na hakuna hata moja la ajabu.

Kwanza, Makavazi ya Kitaifa na Kaunti ya Mombasa zikae meza moja. Katiba ya 2010 imeigawa kazi hii vizuri: majengo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa ni ya serikali kuu, makavazi mengine na shughuli za utamaduni ni za kaunti. Hakuna upande unaoweza kusema "hiyo si yangu". Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 ipo tayari. Waanze na bango moja lenye maelezo, kwa Kiswahili na Kiingereza, likitaja shule, kituo na watu wa bandari.

Pili, walimu wa Historia na Hisabati waitumie hadithi hii. Mtaala wa umilisi unasema mwanafunzi ajifunze kwa kutenda. Ni tendo gani zuri kuliko kumpa ujumbe uliopanguliwa, ukamwambia: mwaka 1942, hapa hapa, kuna watu walikaa na fumbo kama hili hadi wakalifungua? Kijana aliyechoshwa na hesabu za vitabuni ataamka. Hao hao ndio watakaokuja kulinda mifumo ya benki na simu zetu kesho.

Tatu, sisi vijana tuache kungoja. Tuna simu zenye kamera na maikrofoni. Wapo wazee Mombasa waliozaliwa kabla ya vita au muda mfupi baadaye. Wanakumbuka, au walisimuliwa na baba zao, juu ya giza la usiku wa vita, askari wa kigeni barabarani na bei ya unga. Nenda ukae na nyanya au babu, umpe shikamoo yake, umsikilize bila kuharakisha, umrekodi akikubali. Kila mwezi tunazika maktaba.

Nne, ardhi ya shule ilindwe. Hati ya kila shule ya umma Pwani ijulikane iko wapi. Mahali panapotazama bahari pamekuwa na macho mengi tangu 1942, na leo macho hayo si ya wanamaji tena.

Kuna somo moja la mwisho katika kisa hiki, nalo ni la kwako wewe unayesoma haya kwenye simu. Msimbo wa JN-40 haukuvunjwa kwa mitambo mikubwa. Ulivunjwa kwa sababu mtu mmoja, mahali fulani, alizembea kidogo. Leo kuna vijana wanaotumia neno moja la siri kwa kila kitu: barua pepe, mitandao, benki. Namba ya siri ya M-Pesa ni mwaka wa kuzaliwa. Anayetaka kukuingilia hahitaji kuwa MacInnes. Anangoja tu uzembe wako, kama wale walivyongoja pale Allidina, usiku baada ya usiku, masikio yakiwa baharini.

Na ukiwa Mombasa, ukapita karibu na shule ile na mwenzako, mwambie palikuwa nini. Usingoje bango. Bango litakuja likiwa na watu wanaoliulizia.